Wasiofika Zahanati

Kijiji cha Mlali kimekaa pale tambarare inapokoma na milima ya Uluguru inapoanza, na kwa sababu ya makao hayo kila kitu kilichopata kupanda kwenda Mgeta au kushuka kutoka huko, kiwe kabichi, kiwe kodi, kiwe habari au maradhi, kimepita mbele ya macho yetu sisi tuliozaliwa hapo. Gari litokalo Morogoro huiacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga, likatupitia, kisha likaanza kujipinda mlimani kuelekea Langali, Nyandira na Kikeo, ambako nyumba zimetawanyika juu ya migongo ya vilima, na ambako mgonjwa wa usiku hubebwa kwenye machela na vijana wanaopokezana mabega. Nimeanza na habari ya njia kwa makusudi, kwa kuwa kisa nitakachokisimulia, cha jinsi hesabu ya maradhi ilivyotoka katika daftari ikaingia katika simu, hakifahamiki vema na mtu asiyejua ni mwendo gani uliopo kati ya nyumba ya mlimani na benchi la zahanati.

Mjomba wangu, na kwa mila ya Waluguru mjomba ana neno zito juu ya mtoto wa dada yake, alikuwa dresa katika zahanati moja ya chini ya mlima katika miaka ya 1960, na kazi ya kwanza aliyonipa nilipojua kushika rula ilikuwa kumpigia mistari katika daftari lake la wagonjwa. Safu ya kwanza ilikuwa ya tarehe, ya pili ya jina, kisha umri, kijiji, maradhi na dawa. Na kwa kuwa umri wa wazee wengi haukujulikana, mjomba alimwuliza mzee alikuwa akifanya kazi gani Mjerumani alipofukuzwa Morogoro mwaka 1916, kama alikuwa akichunga mbuzi au alikuwa ameshaoa, akakisia kwa jibu hilo. Mwisho wa mwezi alihesabu kwa vijiti vitano vitano, homa upande huu, kuhara upande ule, vidonda, kikohozi na safura kila kimoja mahali pake, akanakili jumla katika karatasi, akaitia ndani ya bahasha, akamkabidhi dereva wa lori la mboga. Bahasha ikashuka mjini. Katika muda wote niliomsaidia sikuona bahasha hata moja iliyopanda kuja kumwambia kwamba ile yake ilisomwa. Mjomba hakulalamika, alisema serikali ni kubwa na karatasi ni ndogo.

Wala watu hawakulipenda daftari. Wazee wa zama zile walikuwa hawajasahau kwamba mtu mwenye kalamu alipokuja kuhesabu nyumba, nyuma yake alikuja mtoza kodi. Na jeraha la karibu zaidi lilikuwa la matuta ya ngazi, ambayo serikali ya Mwingereza iliwalazimisha Waluguru kuyachimba mashambani kwa ajili ya kuhifadhi udongo, hata yakazuka machafuko ya 1955 na mpango wenyewe ukaachwa. Kwa hiyo mama aliyeulizwa ana watoto wangapi aghalabu alijibu kwamba Mungu amemjalia, akanyamaza, na mjomba, ambaye alizaliwa katika mila zile zile na alijua kwamba kuwahesabu watoto wa mtu hadharani ni kuwaanika mbele ya jicho la hasidi, hakumsukuma. Aliandika jina la aliyeketi mbele yake, basi. Daftari lilimjua aliyefika. Yule aliyeshindwa kushuka, na yule aliyekata roho njiani, na mtoto aliyeshikwa na degedege alfajiri akazikwa alasiri, hao hawakuwa na mstari, ingawa mistari niliyoipiga ilikuwa tele.

Ukaja mwaka 1973 na kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ikawekwa juu ya meza chini ya mwembe, vikundi vya watu wazima vikasikiliza na kushauriana habari ya maji, mbu na vyoo, na kwa mara ya kwanza niliwaona watu wakihesabu kitu chao wenyewe kwa furaha. Kitu hicho kilikuwa vyoo.

Nilipokuwa mtu mzima nikapata ukarani wa takwimu katika ofisi moja ya afya, na huko nikaujua mwisho wa safari ya bahasha kama zile za mjomba: kabati lilijaa, mafaili yakapangwa sakafuni, na mchwa wakawa wasomaji wake wa kudumu. Katika miaka ya 1990 wizara ilieneza Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao kila mtu huuita MTUHA, na zahanati zikapewa vitabu vya aina moja vyenye namba, Kitabu cha 5 cha wagonjwa wa nje, cha 6 cha wajawazito, cha 7 cha watoto, cha 12 cha wanaojifungua, na vinginevyo. Ilikuwa hatua adhimu, na nasema hivyo nikijua kwamba wauguzi watanicheka, maana vitabu vile vina upana wa meza na safu zake humchosha mtu mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni. Lakini kabla yake homa ya Mlali na homa ya Kilosa ziliandikwa kwa mitindo miwili, na vitu vilivyoandikwa kwa mitindo miwili havijumlishwi. Hata hivyo MTUHA nao ulirithi upofu wa daftari la mjomba, kwa kuwa nao uliwahesabu waliofika.

Mabadiliko makubwa kuliko yote niliyoyashuhudia hayakuletwa na chombo cha umeme. Yaliletwa na mtu mwenye baiskeli, kalamu na maswali. Mwaka 1992 Wizara ya Afya, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle upon Tyne cha Uingereza, ilianzisha mradi uliojulikana kwa herufi zake kuwa AMMP, wa kuchunguza maradhi na vifo, katika sehemu tatu za nchi: Dar es Salaam, Hai, na wilaya yetu ya Morogoro Vijijini, ambayo wakati huo ilikuwa haijakatwa kuitoa Mvomero, na kwa hiyo ilituchukua hata sisi wa Mlali katika mipaka yake. Jina la mradi lilitaja watu wazima, lakini hesabu ilichukua watu wa rika zote. Katika vijiji vilivyochaguliwa watu waliandikwa nyumba kwa nyumba, na kila kilipotokea kifo, awe marehemu amefia hospitali au amefia juu ya mkeka wa mama yake, mhoji alikwenda kuzungumza na wafiwa.

Binamu yangu alikuwa mmoja wa wahoji hao, nami nilipata kufuatana naye katika kijiji kimoja cha upande wa pili wa milima. Hakutoa karatasi mara moja. Alipiga hodi, akatoa pole, akakaa mkekani, akasikiliza habari za mahindi yaliyoliwa na ngedere, na baada ya kitambo kirefu ndipo aliposema kwa sauti ya chini, “Mama, nimekuja kuuliza habari za marehemu, kama moyo wako unaweza.” Kisha maswali yakafuata, na yalikuwa mengi. Homa ilianza siku gani? Ilikaa, au ilikuja na kuondoka? Mtoto alipumua haraka kuliko desturi? Shingo ilikakamaa? Alinyonya mpaka lini? Mlimpeleka wapi kwanza, na nini kiliwazuia kumpeleka mahali pengine? Mwanamke yule alijibu yote bila ya haraka, na nilipodhani kwamba tumemchosha, alisema kuwa tangu azike hakuna mtu wa serikali aliyepata kumwuliza mwanawe alikufaje. Karatasi ile ikapelekwa kwa matabibu, wakaisoma na kuandika sababu ya kifo iliyoelekea zaidi kuwa kweli. Naam, hiyo si elimu kamili, kwa kuwa anayehukumu hakumwona mgonjwa. Walakini mtoto aliyezikwa alasiri alikuwa amepata mstari wake.

Ni vizuri niseme na hili, kwa sababu limewaondolea watu wetu tuhuma ya miaka mingi. Tulizoea, sisi tuliovaa viatu vya ofisi, kusema kwamba watu wa vijijini hufa kwa malaria kwa kuwa hukimbilia kwa waganga wa kienyeji. Wachunguzi waliowahoji wafiwa kule Rufiji kwa njia hii hii walikuta kwamba karibu 8 kati ya kila 10 waliokufa kwa homa kali ya malaria walikuwa wametafuta kwanza tiba ya kisasa. Walikuwa wamefika, au wamejaribu kufika, nao wakafa. Nilipoyasoma hayo nilitazama vitabu vilivyonizunguka ofisini nikaona kwamba vingekaa miaka mia bila ya kutuambia jambo hilo.

Mradi wa pili, ulioitwa TEHIP, uliingia katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 kwa msaada wa kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada, ukachagua wilaya mbili tu, Rufiji na Morogoro Vijijini, na huu ndio ulioleta kompyuta. Kazi ya kompyuta hiyo ilikuwa ndogo na ya ajabu: ilichukua hesabu ya vifo iliyokusanywa kwa baiskeli, ikachukua na bajeti ya wilaya, ikachora vyote viwili kwa rangi ili watu wa afya wa wilaya, ambao hawakuwa wanahesabu, waone kwa macho. Ikadhihirika kwamba malaria ilichukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea Morogoro, ilhali katika bajeti ya 1996 ilitengewa asilimia 5; kwamba maradhi ya watoto kama kichomi, kuhara, surua na utapiamlo yalichukua asilimia 28 yakapewa 13; na kwamba kifua kikuu, ambacho uzito wake haukufika asilimia 4, kilikuwa kimekalia asilimia 22 ya fedha. Hapakuwa na mwizi katika jambo hili. Fedha zilipita njia zilizopita mwaka uliotangulia, kama maji ya mvua katika mfereji wa zamani, na hapakuwa na aliyewahi kuonyeshwa shamba lililo kavu.

Bajeti ikapangwa upya. Fedha za nyongeza zilizotumika hazikufika dola moja kwa mtu mmoja kwa mwaka, na sehemu kubwa ya shauri ilikuwa kuzihamisha zile zilizokuwapo: vyandarua, na mafunzo ya wauguzi ili mtoto aliyeletwa na homa apimwe mwili mzima, pumzi yake, choo chake na uzito wake, badala ya kupewa klorokwini na kuambiwa nenda. Redio za upepo zikafungwa katika vituo, na kituo kilichoishiwa dawa kikaweza kusema siku ile ile. Katika muda wa miaka kama mitano vifo vya watoto katika wilaya zile mbili vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Sidai kwamba mchoro wa kompyuta uliyafanya hayo peke yake, maana nchi nzima ilikuwa ikijitahidi wakati ule. Lakini bila ya mtu wa baiskeli kompyuta ingechora kwa uzuri ule ule hesabu za waliofika.

Baada ya hapo vyombo vilikuja kwa kasi, nami nitavipita kwa kasi. Mwaka 2009 na 2010 wilaya ya Ulanga katika mkoa wetu, pamoja na Lindi Vijijini na Kigoma Vijijini, zilijaribu jambo jepesi hata likafanana na mzaha: kila juma vituo 129 vilipelekewa ujumbe wa simu kuulizwa dawa mseto ya malaria imebaki kiasi gani, na aliyejibu kwa wakati alipata muda wa maongezi. Mwanzoni vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimeishiwa dawa moja au zaidi. Baada ya majuma 21 vilikuwa 26. Mwishoni mwa 2012 simu zilianza kuwaandikia wajawazito wenyewe kwa huduma ya Wazazi Nipendeni, bila ya malipo, kumkumbusha mama tarehe ya kliniki na dalili za hatari. Kufikia 2014 taarifa za mwezi za wilaya zote zilikuwa zikiingizwa katika mfumo wa intaneti uitwao DHIS2, ambao shina lake ni Chuo Kikuu cha Oslo na ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliulea hapa, na kile kilichokuwa kabati la mchwa kikawa kitu ambacho Mganga Mkuu wa Wilaya hukifungua asubuhi akinywa chai. Pale Morogoro mjini, wataalamu wa SACIDS katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine wakatengeneza programu ya simu waliyoiita AfyaData, inayomwezesha mtu wa kijijini kutoa habari za maradhi ya watu na ya mifugo kwa pamoja. Na sifa yake niliyoipenda ni kwamba humrudishia aliyetuma jibu na shauri. Nilimkumbuka mjomba, ambaye alikwenda kaburini bila ya kujibiwa.

Siku hizi anayepanda mlimani ni binti wa jirani yangu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mmoja wa kundi ambalo serikali mwanzoni mwa 2024 ilitangaza kwamba italifikisha zaidi ya watu 137,000 nchi nzima, wawili katika kila kitongoji. Hana baiskeli, maana njia zake hazipitiki kwa baiskeli. Ana viatu vya mpira, mkoba na simu. Ndani ya simu kila nyumba ina ukurasa, na mjamzito akitaja kwamba kichwa kinamwuma sana na miguu imevimba, simu yenyewe humwambia mhudumu kuwa huyu apelekwe leo. Na akipatwa na uchungu usiku, namba 115 ya mpango wa m-mama humtafutia gari na kumlipa dereva. Mahali pasipo mtandao simu huhifadhi yaliyoandikwa, naye hutafuta kilele kinachoelekea mnara, akasimama pale mpaka yote yaende. Nilikutana naye jioni moja akishuka.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu. Umewapata wangapi leo?”

“Wote niliowakuta, babu.”

Nilicheka, naye akadhani nimefurahia kazi yake, jambo ambalo pia lilikuwa kweli. Kijana aliyekwenda kukata miwa Mtibwa hakukutwa. Kibarua wa nyanya aliyepanga chumba kwa msimu hakukutwa. Mfugaji aliyehama na ng'ombe wake kabla ya mvua hakukutwa, wala msichana aliyepata mimba naye anafichwa na shangazi yake mpaka wakati wake. Simu imesogeza benchi la zahanati mpaka mlangoni pa watu, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mlango nao una wasiofika.

Taabu nyingine ni za siku zote, na baadhi yake ni mpya. Muuguzi wa leo huandika katika kitabu cha MTUHA, kisha hurudia yale yale katika kishikwambi, na aghalabu mradi wa chanjo una mfumo wake, wa UKIMWI wake, wa bima wake, kila mmoja na neno lake la siri, hata nimeona maneno hayo ya siri yakiwa yamebandikwa ukutani karibu na kalenda. Na siri yenyewe imebadilika makao. Mjomba alijua nani ana ugonjwa wa zinaa katika kata nzima, na siri ile ilikaa kifuani mwake mpaka mauti. Sasa imo katika kifaa kinachoweza kusahauliwa ndani ya daladala. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo inazitambua habari za afya kuwa nyeti, lakini bado sijamwona mtu akimwambia bibi wa mlimani, kwa lugha ya kueleweka, nani atayasoma aliyoyasema na kwamba ana haki ya kukataa. Bibi huyo anakumbuka matuta.

Katika mkutano wa kijiji wa hivi karibuni mganga mfawidhi alikuja na karatasi iliyochapwa kutoka kwenye mfumo, akasoma hesabu ya kina mama waliojifungua katika robo ya mwaka, waliozalia kituoni na waliozalia nyumbani, na safu ya nyumbani ilikuwa fupi mno, hata wazee wakapiga makofi. Mwanamke mmoja wa kitongoji cha juu akasimama, akafunga khanga yake vizuri, akauliza kama mwezi uliopita ulikuwamo katika karatasi ile. Akaambiwa umo. “Basi kwetu wamezaliwa watatu,” akasema, “nami nimewapokea wawili kwa mikono yangu, na hapo sikusikia hata mmoja.” Palizuka minong'ono, mganga alitazama karatasi yake, mwenyekiti akamtazama mganga. Binti wa jirani yangu akatoa simu, akaenda akaketi karibu na mwanamke yule, wakaanza kutaja majina kwa sauti ndogo, huku mwenyekiti akiendelea na ajenda ya daraja.